Kabla hujabishana kuhusu ukubwa wa nyongeza ya gemu, tazama bei ya gemu mama

Studio ikitangaza nyongeza, yaani sehemu mpya inayouzwa kando kwa ajili ya gemu lililokwisha kutoka (hilo ndilo gemu mama), mabishano huwa yale yale: itakuwa kubwa kiasi gani, na watatutoza ngapi? Wengi huanza kwa kusimamisha trela na kupima milima. Nilikuwa hodari wa mchezo huo. Siku hizi naanza na bei ya gemu mama, kisha natazama studio hiyo ilitoza nini huko nyuma.

Nyongeza za gemu kubwa hupangwa kwa ngazi: dola 10, 20, 30, 40 (natumia bei za Marekani na kuzipuuza zile senti 99). Ikivuka nusu ya bei ya gemu mama, studio inajua maswali yanakuja, kwa hiyo haivuki ovyo. Elden Ring ilitoka 2022 kwa dola 60. Nyongeza yake ya 2024, Shadow of the Erdtree, ikapangiwa dola 40, yaani theluthi mbili. Mkurugenzi wake, Hidetaka Miyazaki, alisema ramani mpya ingelingana na Limgrave, eneo la mwanzo la gemu mama, pengine hata kulizidi. Tulioingia tulikuta nchi pana kuliko picha niliyoipata kwenye maneno hayo. Bei ndiyo iliyokuwa imetudokeza ukweli.

Usiifanye kanuni, lakini. Space Age, nyongeza ya Factorio, gemu la kujenga viwanda, ilitoka 2024 kwa dola 35, sawasawa na gemu lenyewe, na bado wapenzi wa viwanda waliichangamkia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni studio ya CD Projekt Red. Kwa The Witcher 3 walitoa Hearts of Stone mwaka 2015, dola 10, wakaahidi takriban saa 10 za kucheza. Mwaka uliofuata ikaja Blood and Wine, dola 20, saa 20 hivi. Dola kwa saa! Ukiibeba hesabu hiyo hadi Phantom Liberty ya 2023, nyongeza ya gemu lao jingine, Cyberpunk 2077, iliyouzwa dola 30, utatafuta bara zima na utakutana na Dogtown, mtaa mmoja tu uliozungushiwa ukuta. Ila mtaa huo umeshonana, na misheni zake hupinda kufuatana na uamuzi wako, hadi miisho ikatofautiana kabisa. Kwa upana wa ramani ningesema ni ghali. Kwa nilichokicheza, sidai chenji.

Ndiyo maana swali langu la pili si ukubwa wa ramani bali imejazwa nini. Je, kuna hadithi mpya yenye waigizaji wake, maadui wapya, silaha zinazobadilisha namna ya kupigana? Au ni wale wale waliopakwa rangi nyingine? Gigabaiti nazo hazinisaidii: sauti za lugha nyingi na picha za ubora wa juu hunenepesha faili bila kukuongezea hata misheni moja.

Jingine linalosahaulika ni sharti la kuingia. Shadow of the Erdtree haikufungulii mlango mpaka uwaangushe Radahn na Mohg, maadui wakubwa wa gemu mama, na Iceborne, nyongeza ya Monster Hunter: World, inataka umalize hadithi kuu kwanza. Kama uliliacha gemu katikati, bei halisi ya nyongeza ni pamoja na saa zote hizo za kurudi.

Kuhusu pasi ya msimu, yaani kulipia nyongeza zijazo kwa mkupuo, inayouzwa kabla yaliyomo hayajatajwa, msimamo wangu ni mkali: ngoja. Wapo watakaonikumbusha Fallout 4, ambayo pasi yake ilipanda kutoka dola 30 hadi 50 mwaka 2016 baada ya maudhui kuongezwa, na waliowahi wakapata yote kwa bei ya zamani. Kweli, walifaidi. Mimi bado ningengoja orodha ya yaliyomo, na nyongeza ikishatoka, nisubiri punguzo la kwanza.