Kwa Mnaotoka Chuoni Kuingia Maabara ya Kampuni

Wadogo zangu mnaotoka vyuo vya Chiromo au Juja na kupata kazi katika kampuni ya bayoteknolojia hapa Nairobi, jueni kwamba kipimo cha kazi kimebadilika. Chuoni mlisifiwa kwa jibu mlilopata. Hapa jibu lina thamani pale tu mwenzako anapolipata tena kwa kufuata daftari lako, wewe ukiwa likizoni.

Kwa hiyo andika. Namba ya bechi ya kila kimeng'enya, siku chupa ilipofunguliwa, pipeti (kifaa cha kuvutia na kupimia vimiminika) uliyoshika, mashine uliyotumia. Ukiandika "bafa ya kawaida" (bafa ni mmumunyo unaotuliza kiwango cha asidi), hujaandika kitu. Kipimo kilichokubali Januari kikigoma Machi, mtatafuta nini kilibadilika, na mara nyingi ni bechi mpya. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, weka sahihi na tarehe. Usifute wala usichane ukurasa. Kampuni inayotengeneza vifaa vya kupimia magonjwa kwa kiwango cha ISO 13485, yaani kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa vya tiba, hukaguliwa kwa karatasi hizo hizo.

Jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote ni kontroli hasi, yaani mrija unaowekewa kila kitu isipokuwa DNA, ambao haupaswi kutoa chochote. PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA kwa mashine, hurudufisha DNA kila mzunguko, hivyo mizunguko 30 inaweza kugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni moja. Tone usiloliona kwa macho linatosha kuharibu wiki nzima. Umemaliza kazi, unaangalia jeli inayoonyesha DNA kama mistari: sampuli zinang'aa vizuri, lakini kwenye kisima ulichoweka maji tu kuna mstari hafifu. Bosi anasubiri matokeo, na mstari wenyewe ni hafifu kweli. Usiyapeleke. Tupa maji, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) na mchanganyiko uliokuwa umefunguliwa, toa mpya kwenye friza, futa meza na pipeti kwa jiki iliyochanganywa na maji, kisha rudia. Chumba cha kuandaa mchanganyiko na chumba cha kufungulia mirija iliyokwisha kurudufishwa viwe mbali, na koti la chumba cha pili lisirudi cha kwanza hata kwa dakika moja. Mwambie bosi wazi kwamba matokeo yamechelewa na kwa nini. Anayekulazimisha kuyapeleka hivyo hivyo hakutakii mema.

Autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, nayo ina mambo yake hapa kwetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95 hivi. Vitabu vingi husema shinikizo la psi 15 hutoa nyuzi 121, lakini vinazungumzia usawa wa bahari. Huku kwetu, geji ikisoma 15, joto ndani halijafika 121. Fuata kipimajoto, na mara kwa mara pima kwa spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili sana joto. Zikiota baada ya mzunguko, basi hukuua vijidudu vyote.

Stima ikipotea, usifungue friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ili "kuangalia kama iko sawa". Mlango uliofungwa ndio unaokuokoa. Vimeng'enya gawa katika mirija midogo siku vinapofika. Na agiza mapema. Vitendanishi vingi, yaani kemikali na vimeng'enya vya maabara, hutoka nje, barafu kavu inayeyuka kuwa hewa huku mzigo ukisubiri karatasi uwanja wa ndege, kwa hiyo mjue kwa jina anayewashughulikia mizigo yenu JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na umpigie kabla ndege haijatua.

Kuna miradi itasimamishwa ghafla hata kama sayansi yake ni nzuri, kwa sababu soko halipo. Inauma. Kabidhi sampuli zikiwa na lebo zinazosomeka, uendelee na nyingine.

Kazi yoyote ya kubadilisha jeni inahitaji idhini ya mamlaka ya usalama wa bayolojia chini ya sheria ya Kenya ya 2009, hata ikifanyika ndani ya kuta nne. Omba uonyeshwe faili hiyo wiki yako ya kwanza, kabla hujaagiza plazimidi, ile DNA ya duara inayobeba jeni.