Kuhusu ile filamu ya Amin

Dada wa Jinja, pole sana. Unasema ulitazama The Last King of Scotland, ile filamu kuhusu Idi Amin wa Uganda, na baba, ukacheka na Amin, kisha mzee akaenda kulala bila kula, na sasa hujui uisifu au uichukie. Si lazima uchague. Forest Whitaker, aliyemwigiza Amin, alistahili ile Oscar ya 2007, na ucheshi wake ndio uliokunasa. Amin mwenyewe alishangiliwa barabarani Kampala alipotwaa madaraka Januari 1971, basi usijilaumu kwa kucheka.

Kinachokukera, nadhani, ni kuona Waganda wanakufa pembeni huku kamera ikimfuata daktari Mskoti. Una haki kabisa! Garrigan, huyo daktari, ni wa kubuniwa, na mapenzi yake na Kay, mke wa Amin, pia. Kay alikuwa mtu halisi, mama wa watoto, aliyefariki 1974. Hapo siwezi kuisamehe.

Kwa baba, usimbane kwa maswali. Kaa naye kwenye chai, mwambie umeona filamu imemgusa, halafu nyamaza. Baba yangu mdogo, aliposimulia enzi zile, alianzia kwenye foleni za sukari na sabuni. Habari za ndugu yake aliyepotea zilikuja baadaye sana. Usimrekodi bila ruhusa, na usiwaalike majirani kusikiliza.

Akiendelea kukosa usingizi au kushtuka usiku kwa wiki kadhaa, mtafutie mshauri nasaha, au muulize daktari wenu kuhusu Butabika, hospitali ya afya ya akili kule Kampala. Na mwende naye, asiende peke yake.