Hajawahi kuniomba kura

Swali lenu la wiki hii, "Mbunge wa Afrika Mashariki amekufaa nini?", limenikuta Suam, wilayani Bukwo, mpakani mwa Uganda na Kenya, napakia viazi. Wale tisa wanaotuwakilisha Waganda katika Bunge la Afrika Mashariki, kule Arusha, hatuwachagui sisi. Wanachaguliwa na wabunge wa Kampala, kwa hiyo hakuna anayepanda mlima huu kuomba kura wala kugawa sabuni. Hata hivyo yuko mmoja wa zamani ninayemtaja watu wakianza kubeza: Dora Byamukama, aliyekuwa huko hadi 2017.

Mama huyu ni mwanasheria. Aliwahi kuwa mbunge wa Mwenge Kusini, na shirika aliloliongoza ndilo lililoishtaki serikali hadi Mahakama ya Katiba, mwaka 2007, ikafuta kifungu cha uzinzi kilichombana mke na kumwachia mume mlango wazi. Mwaka 2010 shirika likashinda tena: ukeketaji ukatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka huohuo Uganda ikapata sheria ya kuupiga marufuku.

Hapo ndipo tunapoingia sisi wa Sebei, eneo letu hili la mpakani. Msimu wetu wa kukeketa ulikuwa Desemba, ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Sheria ilipobana, mangariba hawakutupa visu, walivuka mto kuingia Kenya. Darajani kuna polisi, lakini ukishuka kando kidogo, wakati wa kiangazi, unavuka bila kuvua gumboot. Desemba moja niliona boda imepakia wasichana wawili, wamepakwa mafuta usoni, leso mpya mabegani. Shangazi yao alikuwa nyuma kwa miguu. "Tunaenda harusini Kitale," akaniambia, na wala sikuwa nimemuuliza. Wiki tatu baadaye yule mdogo alitumwa kwangu kununua chumvi. Alikuja kwa hatua fupifupi, anashika ukuta.

Mwaka 2016 Byamukama alipeleka Arusha muswada wa kupiga marufuku ukeketaji katika Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Kuna waliouliza wa nini, kwani Kenya nayo ina sheria tangu 2011. Ni kweli, ila sheria ya Tanzania ya 1998 inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu, akizidi hapo shauri yake. Sheria zikitofautiana, mkosaji anajichagulia nchi. Mtu wa mpakani hahitaji wakili wa kumweleza hilo. Ndivyo tunavyofanya na sukari.