Swali la lugha: uigaji au uigizaji wa damu moyoni?

SWALI: Natafsiri maelezo ya programu ya kompyuta inayoonyesha damu ikipita kwenye vali ya moyo na kuingia aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Niliandika "uigizaji wa mzunguko wa damu". Mhariri anataka "uigaji wa mtiririko wa damu". Kuna tofauti? Na neno "presha" niliache?

JIBU: Mhariri wako kapatia, tena mara mbili. Kuiga ni kufanya kama kingine kifanyavyo. Kuigiza kumetokana na kitenzi hichohicho, lakini matumizi yamekwisha kukipeleka jukwaani, kwenye maigizo na waigizaji. Kompyuta haichezi nafasi ya moyo, inakokotoa. Inapewa umbo la vali na aota kutoka picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka), densiti ya damu (kilo 1060 hivi kwa mita ya ujazo), mnato wake, na kiasi cha damu kinachosukumwa katika kila pigo. Kisha inatafuta kasi na kanieneo kila mahali. Huo ni uigaji, na matokeo yake ni mwigo.

Mzunguko ni safari nzima ya damu, kutoka moyoni hadi mapafuni na mwilini na kurudi. Programu yako inashughulikia kipande kifupi tu cha safari hiyo, ndiyo maana "mtiririko" unafaa. Tena, nyuma ya tando tatu za vali ya aota damu huzunguka kweli, ikifanya viduara vidogo. Neno "mzunguko" likishatumika kwa kila kitu, viduara hivyo utaviitaje?

"Presha" liondoe. Mtu akisema "ana presha", wasomaji wengi wanasikia ugonjwa. "Shinikizo la damu" nalo limeelemea huko. Katika maandishi ya fizikia tunalo neno kanieneo, yaani kani na eneo zikiungana, na linaeleza lenyewe kinachopimwa. Hapa kinachotakiwa hasa ni tofauti ya kanieneo kabla na baada ya vali. Madaktari huikadiria kwa kuzidisha kipeo cha pili cha kasi kwa 4: damu ikifoka kwa mita 4 kwa sekunde, tofauti ni milimita 64 za zebaki, kipimo cha kanieneo wanachotumia madaktari. Kasi iwe kwa mita, si sentimita. Ukiandika 400 badala ya 4, jibu linavimba mara elfu kumi. Na hiyo 64 ni ya kilele, yaani pale damu inapofoka kwa kasi kubwa kabisa. Wastani wa pigo zima ni mdogo zaidi, na vali huhesabiwa imebana vibaya wastani ukifika 40. Nimeona tafsiri zikiandika "tofauti ya kanieneo" pote pawili bila "ya kilele" wala "ya wastani", na namba zikaonekana kugombana ilhali zote ni sahihi.

Nakuongezea jambo moja ambalo hukuuliza. Umbo la aota hugawanywa vipande vidogo sana ili kila kimoja kikokotolewe, na watafsiri wengi huviita "seli". Katika makala ya mwili wa binadamu neno hilo linapotosha, kwa kuwa msomaji atadhani ni seli za damu. Wavuvi wana neno zuri: macho ya wavu. Andika "wavu wa ukokotozi wenye macho milioni 2", na karibu na tando za vali, ambako kasi hubadilika ghafla, "macho madogo zaidi".