Nina miaka 16 wodini, shahada itanifundisha nini kipya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi niliyesajiliwa, nina stashahada, na nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka 16. Nataka kusoma shahada huku nikiendelea na zamu. Je, nitarudishwa kujifunza kupima presha na kufunga vidonda? Tena hesabu zinanitia hofu, niliachana nazo sekondari.

JIBU: Marahaba, muuguzi mwenzangu. Hutarudishwa huko. Programu za wauguzi wanaojiendeleza huanzia pale leseni yako ilipokufikisha, na masomo kama anatomia (muundo wa mwili) na famakolojia (elimu ya dawa) mara nyingi huhesabiwa kuwa umeshayapita. Ila kila chuo kina kipimo chake. Kabla hujalipa ada, peleka matokeo yako ya stashahada na udai jibu la maandishi: yapi yamekubaliwa, yapi yamebaki. Nimewaona wauguzi wazuri wakirudia masomo waliyokwisha kufaulu kwa kuamini ahadi ya mdomo. Hakikisha pia kwamba programu inatambuliwa na mamlaka inayokusajili.

Utakayoyakuta huko ni utafiti, afya ya jamii, uongozi, na hizo takwimu unazoziogopa. Ngoja nikuonyeshe moja. Wodi yako ina vitanda 25, vyote vimejaa siku 30: hizo ni siku 750 za wagonjwa kulazwa. Wagonjwa watatu wameanguka. Gawa 3 kwa 750, zidisha kwa 1,000, unapata 4, yaani walioanguka kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Mwezi unaofuata wamelazwa 15 tu kwa siku, jumla siku 450, na walioanguka ni watatu vilevile. Daftari la matukio litasema hakuna kilichobadilika, lakini hesabu inakupa karibu 7 kwa kila siku 1,000. Hali imekuwa mbaya, na wewe ndiye unayeweza kuuliza kwa nini: ni sakafu, ni dawa za usingizi, au ni uchache wa wauguzi usiku? Hesabu yenyewe ni kugawanya na kuzidisha. Unapopiga hesabu ya matone ya dripu unafanya ngumu kuliko hiyo.

Je, inamsaidia mgonjwa? Mwaka 2014 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Lancet utafiti wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya. Kila wauguzi wenye shahada walipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe ulikuwa chini kwa asilimia 7. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kumwongezea muuguzi mgonjwa mmoja kulikwenda na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huo wa kufariki. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba vyeti vinaziba pengo la wauguzi. Na matokeo ya namna hii yanaonyesha mambo yanayoandamana, hayathibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Tofauti hiyo utaisoma vizuri darasani.

Kuhusu zamu, zungumza na msimamizi wa wodi kabla ya kujisajili, si baada ya ratiba kutoka. Usipange kuandika kazi ya chuo asubuhi unapotoka zamu ya usiku, lala kwanza. Muhula wa kwanza chukua takwimu peke yake ikiwa chuo kinaruhusu, na uanze na idadi ya walioanguka wodini kwako, bila majina ya wagonjwa.