Legezeni choki, wadogo zangu

Kila nikitoka kuwinda ndege na vijana wapya hapa Zanzibar naona jambo lilelile. Mtu ana boksi la katriji za marisau (zile chembe ndogo) ya chuma, bunduki nzuri ya geji 12, na mdomoni mwa mtutu amekaza choki, kile kipande kinachobana marisau yasitawanyike, tena ya ful, inayobana kuliko zote, kwa sababu babu yake alimwambia ful ndiyo bunduki. Halafu kanga anaruka mbele yake, anapiga, kanga anaenda zake, na kijana anaitazama bunduki kama imemsaliti. Babu alisema kweli, ila yeye alikuwa akipiga marisau ya risasi, ile madini laini. Nyinyi mnapiga chuma. Nimechoka kumweleza mmoja mmoja njiani, kwa hiyo leo naandika.

1. Anzeni na robo choki. Marisau ya risasi ni laini, yakibanwa mdomoni yanabonyea, na yale yaliyobonyea ndiyo yanayopotea pembeni. Chuma haibonyei. Inatoka mviringo kama ilivyoingia, na kundi zima linakwenda limeshikana. Nusu choki kwa chuma inakupa karibu kilekile ambacho wazee walikipata kwa ful. Kwetu maweni, kwenye ardhi ya matumbawe, ndege anaondoka kwenye kichaka mita 15 au 20 kutoka ulipo, na hapo robo inatosha, hata silinda, isiyobana kabisa. Nusu ni ya bata kwenye mabonde ya mpunga, anapopita juu na huna pa kujificha. Ful iacheni kwenye kisanduku chake.

Tena kuna jambo ambalo kwa sisi ni zito kuliko nyama. Ndege akipigwa na kundi lililobana kwa mita 15 anakufa papo hapo amesambaratika, na kwa wengi wetu, asiyewahiwa na kisu ni mzoga tu. Tunataka aanguke ana uhai, tumwahi, tumchinje. Choki iliyolegea na kisu kilicho tayari kiunoni vinakwenda pamoja. Nimemuona kijana amesimama juu ya kanga, anapekua begi zima akitafuta kisu, na ndege anakata roho miguuni pake. Siku ile nilimpigia kelele mbele ya wenzake, na leo yeye ndiye anayewakagua wengine viuno kabla hatujaondoka.

2. Pandeni saizi mbili za marisau; namba ikishuka, chembe inakua. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, ya chuma 7.8. Kwa hiyo chembe ya chuma inachoka mapema. Aliyezoea namba 6 achukue 4, aliyezoea 4 achukue 2. Someni milimita kwenye boksi, maana namba 4 ya Marekani ni milimita 3.3 na ya Uingereza ni 3.1. Zaidi ya mita 35, mwacheni ndege apite.

3. Bunduki za urithi. Hapa naomba mtulie.

Yupo kijana mmoja wa Kusini, simtaji, ana jicho ambalo wengi wenu mngelitamani. Alirithi doble ya Kiingereza ya babu yake, akafuata taratibu zote za umiliki, karatasi zote safi. Mitutu miwili ubavu kwa ubavu, choki zimechongwa humohumo ndani, kulia nusu, kushoto ful, na chemba, pale katriji inapokaa, ya milimita 65. Babu alilindia mihogo kwa bunduki ile, nguruwe wasimalize shamba. Kijana akapata boksi la chuma nzito, yaani katriji za chuma zenye shinikizo kubwa, za milimita 70. Katriji ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila ubishi, na hapo ndipo hatari ilipo: ganda likifunguka linakosa nafasi, shinikizo linapanda. Juu ya hilo, marisau magumu yanakwenda kujipenyeza kwenye ful ya chuma laini ya zamani.

Bunduki haikupasuka, tumshukuru Mungu. Alirudi na ndege wake, kacheka mpaka barazani. Nikamwambia lete tuisafishe. Mtutu wa kulia kitambaa kilipita kimebana mwanzo hadi mwisho. Wa kushoto kilibana vizuri, kilipokaribia mdomo kikalegea ghafla, mkono wangu ukaenda mbele wenyewe, kisha kikabana tena kwenye choki. Nikaelekeza mtutu mlangoni penye mwanga, nikachungulia. Kivuli cha pete, duara kamili, nyuma kidogo tu ya choki. Nikampa. Akapitisha kidole juu ya mtutu, akarudisha, akapitisha tena polepole. Uvimbe ule ulikuwa mdogo kuliko unene wa ukucha, lakini ukishaugusa huwezi kujidanganya. Hakusema kitu. Mitutu ya doble imeunganishwa kwa moto, huwezi kubadilisha mmoja ukamwacha mwenzake. Ile bunduki sasa imelala kabatini.

Kinachoniuma ni kwamba boksi lilikuwa na maandishi yote. Chuma nzito ni kwa mitutu iliyopimwa kwa chuma, na hiyo ina muhuri wa ua lenye ncha tatu. Chembe ikizidi milimita 4, hata kwenye mtutu uliopimwa usizidishe nusu choki. Mwenye doble ya urithi atafute katriji za marisau ya bismathi, madini mengine, za urefu wa chemba yake. Ni ghali, lakini ni laini na haigombani na choki za wazee. Mtutu wa Damascus, ule wa zamani uliosukwa kwa vipande vya chuma, hauna la kujadili: usipige chuma.

4. Pigeni karatasi kwanza. Mfuko mtupu wa saruji uupasue, chora duara la sentimita 76, simama mita 20, kisha 30. Ukiona nafasi ambayo njiwa mzima angepita bila kuguswa, badilisha choki, usibadilishe bahati.

Na wale wajomba wanaouliza risasi imetudhuru nini, waambieni wapasue firigisi ya bata. Ndani kuna changarawe, ndiyo meno yake. Bata hatofautishi changarawe na chembe ya risasi iliyolala topeni, anazimeza zote, na firigisi inaisaga ile risasi mpaka inaingia kwenye damu. Marekani waliipiga marufuku kwa ndege wa majini mwaka 1991, Denmark wakaifuta kabisa 1996, Umoja wa Ulaya kwenye ardhi oevu 2023. Sisi mabonde yetu ni machache, na humohumo tunapolima mpunga ndimo bata wanamolisha. Chuma ni usumbufu mdogo kulipia hilo.

Lakini chuma inaruka. Mawe yetu ya matumbawe ni magumu, ukipiga chini chembe zinarudi. Miwani machoni kila mtu, na ndege anayekimbia ardhini hapigwi, hata awe peke yake. Ninga wa Pemba, njiwa wa kijani, hapigwi kabisa, hayupo pengine duniani. Msitu wa Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, msisogee. Aliyeandikwa kwenye kibali chako ndiye wako.

Mkirudi, fungueni choki, zipakeni grisi kwenye nyuzi, maana hewa ya bahari inazigandisha. Na msifyatue hata mara moja bila choki ndani: nyuzi zinaharibika, na baada ya hapo hakuna choki itakayokaa sawa.