Je, "prepone" ni Kiingereza sahihi?

SWALI: Mhariri, ninafanya kazi katika ofisi ya usafirishaji wa mizigo. Mshirika wetu aliyeko Mumbai ametuarifu kwamba kikao cha tarehe 20 kimekuwa "preponed" hadi tarehe 14. Wenzangu wanashikilia kwamba alikusudia kuandika "postponed" akakosea. Je, neno hilo lipo, na mimi naweza kulitumia?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, neno lipo, na mkilichukulia kuwa ni kosa la uchapaji mtakikosa kikao. "Prepone" ni kinyume cha "postpone": ni kulifanya jambo mapema kuliko ilivyopangwa. Maneno yote mawili yametokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuweka, ila "post-" huonyesha baada na "pre-" huonyesha kabla. Wengi huamini kwamba limebuniwa na Wahindi, lakini mwaka 1913 msomaji mmoja wa gazeti la The New York Times aliliandikia gazeti hilo akipendekeza litumike kwa maana hiihii. Huko Marekani halikushika. India ndiko lilikostawi, na leo hutumika kwa kawaida kabisa katika habari za mitihani, safari na vikao.

Kwa hiyo, unapomjibu mshirika wako wa Mumbai, litumie bila wasiwasi. Ukimwandikia Mwingereza, tumia "bring forward", kwa kuwa huenda akalishangaa "prepone" kama walivyolishangaa wenzako. Hapo, hata hivyo, pana mtego ambao naona ni mkubwa kuliko huo ulioniuliza: "bring forward" maana yake ni kuwahisha, ilhali sisi tunaposema kikao "kimesogezwa mbele" mara nyingi tunakusudia kwamba kimeahirishwa, na anayetafsiri neno kwa neno humpa mwenzake habari iliyo kinyume kabisa. Vivyo hivyo "put back", ambayo masikioni mwetu ni kurudisha nyuma, kwa Mwingereza ni kuahirisha.

Ndiyo maana mimi nalipenda "prepone", kwani halina utata wa mbele na nyuma. Kwa Kiswahili tunacho kitenzi kilicho wazi vilevile, nacho ni "kuwahisha". Waandikie wenzako hivi: "Kikao cha tarehe 20 kimewahishwa, sasa kitafanyika tarehe 14."